Kiwanja Kinapofungwa: Tenisi ya Wanawake ya Mwaka 2020 na Mazoezi ya Ukutani Arusha

Jumapili ya tarehe 8 Machi 2020, Siku ya Wanawake Duniani, zilichezwa fainali mbili za tenisi ya wanawake ya kulipwa. Lyon, Ufaransa, Sofia Kenin alimfunga Anna-Lena Friedsam. Monterrey, Meksiko, Elina Svitolina alimfunga Marie Bouzkova. Siku hiyo hiyo waandaaji wa Indian Wells, kule California, wakatangaza kwamba mashindano yao hayatachezwa, wakati wachezaji wameshafika na wanafanya mazoezi. Siku nane baadaye, Jumatatu ya tarehe 16, akatangazwa mgonjwa wa kwanza wa corona Tanzania, na alikuwa hapa hapa Arusha. Kesho yake shule zikafungwa na michezo ikasimamishwa.

Hadi tarehe 3 Agosti, Palermo ya Italia ilipofungua tena pazia, hakukuwa na mechi hata moja ya WTA, chama cha tenisi ya wanawake ya kulipwa. Karibu miezi mitano. Wimbledon, mashindano makubwa ya London, ilifutwa kabisa mwaka huo, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Vita Kuu ya Pili. Roland Garros ya Paris ilitolewa Mei ikapelekwa mwishoni mwa Septemba.

Sisi tunaofundisha wasichana tenisi huku Arusha na Moshi tumeurudia muda ule mara nyingi, kwa sababu kwa wasichana wetu kiwanja hufungwa kila mwaka. Masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei. Unafuata mtihani wa kidato cha pili au cha nne, na mzazi anasema raketi iwekwe juu ya kabati hadi Desemba. Mipira huisha. Nauli hukosekana. Binti wa mitaa kama Sakina au Majengo anaijua vizuri miezi mitatu isiyo na mechi, wakati wachezaji bora duniani waliionja wote kwa pamoja mara moja tu. Ndiyo maana inafaa kutazama nani alirudi vizuri, na tofauti ilikuwa nini.

Fiona Ferro wa Ufaransa alichukua ubingwa wa Palermo kwa kumfunga Anett Kontaveit. Jennifer Brady wa Marekani alishinda Lexington mwezi huo huo wa Agosti, ubingwa wake wa kwanza wa WTA, kisha akafika nusu fainali ya US Open. Tsvetana Pironkova wa Bulgaria hakuwa amecheza mashindano tangu Wimbledon ya 2017. Alikuwa amejifungua mwaka 2018, naye alirudi moja kwa moja US Open na kufika robo fainali, ambako kati ya wanawake wanane watatu walikuwa akina mama: yeye, Serena Williams na Victoria Azarenka. Na Oktoba, Iga Świątek wa Poland, umri miaka 19, nafasi ya 54 duniani, akabeba Roland Garros bila kupoteza seti. Alimfunga Simona Halep 6-1, 6-2, na Kenin kwenye fainali, 6-4, 6-1.

Hawa wote hawakupata muda mwingi kuliko wenzao. Kila mmoja alipata miezi ile ile. Tunavyoona sisi, tofauti ni kuwa na kazi yenye kipimo ya kujaza siku. Świątek alimaliza sekondari mwaka ule ule, na alikuwa tayari anafanya kazi na mwanasaikolojia wake Daria Abramowicz. Wazazi wa Arusha huuliza kila mara kama shule na tenisi vinaweza kwenda pamoja. Jina la kuwapa ni hilo.

Brady ndiye tunayemtaja zaidi mbele ya watoto, kwa sababu ya kilichompata Januari 2021. Wachezaji walipelekwa Melbourne kwa ndege za kukodi, ndani ya baadhi ya ndege akapatikana mwenye maambukizi, na wachezaji 72 wakafungiwa chumbani siku 14 bila kutoka hata mlangoni. Wenzao waliruhusiwa saa tano za nje kwa siku. Brady alikuwa miongoni mwa wale 72, na bado alicheza fainali ya Australian Open, akafungwa na Naomi Osaka 6-4, 6-3. Ndani ya vyumba vile wengine waliegemeza godoro ukutani wakalipiga mipira. Wengine walipiga kwenye kioo cha dirisha.

Hapo kwenye godoro tukae kidogo, maana ni jambo linalowezekana katika nyumba yoyote ya Ngarenaro. Chukua godoro la sponji, liegemeze ukutani likiwa limesimama, binti asimame mita 3 na kujiangushia mpira mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Mpira unagonga sponji na kudondoka, haurudi. Kwa hiyo zoezi hili halifundishi kuwahi mpira. Linafundisha umbo la pigo tu: bega kugeuka, mguu wa mbele kukanyaga, raketi kumalizikia juu ya bega la pili. Mapigo 40 ya forihendi (upande wa mkono wenye raketi) na 40 ya bekihendi (upande wa pili) yanatosha. Akizidisha, mkono huchoka, na anaanza kukariri kosa.

Ukuta wa nje ni bora zaidi, ila ndio wenye hatari zaidi. Chora mstari wa chaki sentimita 91 kutoka chini, ambao ni urefu wa wavu katikati ya kiwanja. Chora mwingine sentimita 70 juu ya huo. Mpira upite kati ya mistari hiyo miwili. Binti asimame mita 7 au 8. Kosa tunaloliona kila baada ya masika ni lile la kusimama mita 4. Mpira unarudi haraka, mtoto hana nafasi ya kurudisha raketi nyuma, anaanza kuukata kwa kifundo cha mkono, na ndani ya wiki tatu forihendi yake imekuwa fupi kama anafukuza nzi. Ukimrudisha kiwanjani, mipira yote inafia kwenye eneo la sevu (pigo la kuanzisha) la mpinzani, mita 6 tu kutoka kwenye wavu. Dawa yake ni kurudi nyuma na kuruhusu mpira udunde mara mbili kabla ya kuupiga. Watoto hawapendi kudunda mara mbili, wanaona ni utoto. Shikilia hapo hapo.

Ukuta usiopigwa lipu unakula manyoya ya mpira na kuupeleka pembeni, basi tumia mipira iliyokufa. Dakika 4 za kazi, dakika 1 ya kupumzika, mizunguko mitano. Na kama ukuta ni wa jirani, nenda ukabishe hodi kwanza. Kishindo cha mpira nusu saa nzima kimeshaharibu ujirani mwema wa watu wengi.

Sevu inaweza kujengwa bila kiwanja na bila raketi, kwa sababu nusu ya sevu ni kurusha mpira. Kunja kanga mara nne, iweke chini hatua moja fupi mbele ya mguu wa mbele, kidogo upande wa kulia kwa anayetumia mkono wa kulia. Rusha mpira hadi urefu ambao raketi iliyonyooshwa ingeufikia, uache uanguke. Uangukie kwenye kanga. Mchezaji wa miaka 13 anayeangusha mara 20 kati ya 30 yuko tayari. Wengi huanza na 8 au 9, na sababu karibu kila mara ni moja: anauviringisha mpira kwa vidole badala ya kuuinua na kiganja kizima, mkono ukiwa umenyooka hadi usawa wa macho.

Sasa mipira. Hili ni somo la milima yetu, na Roland Garros ya Oktoba 2020 ililionyesha wazi. Mashindano yaliyozoeleka kwenye joto la Mei na Juni yalichezwa kwenye baridi na unyevu, kwa mipira ya kampuni mpya, na wachezaji wengi walilalamika kwamba ni mizito kama mawe. Pigo la Świątek lenye mzunguko mwingi liliruka hata hivyo. Kwetu mambo huenda kinyume. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi iko chini zaidi, kama mita 900, na Nairobi inakaribia 1,800. Shirikisho la tenisi la dunia, ITF, lina aina maalumu ya mpira kwa maeneo yaliyo juu ya mita 1,219. Kwa hesabu hiyo Arusha ni mlimani na Moshi si mlimani, ingawa ni kilomita 80 tu kati yao. Hewa ya huku ni nyepesi na mpira wa kawaida uliojazwa upepo hukakamaa zaidi, basi hudunda juu na kuruka mbali.

Lakini wasichana wetu hawachezei mipira mipya. Wanachezea mipira ya miezi sita, iliyolegea, ambayo kwenye mwinuko wetu inaonekana ya kawaida kabisa. Binti anazoea. Anapigwa picha akicheza vizuri, anapanda basi kupitia mpaka wa Namanga, anafika Nairobi, kopo jipya la mipira linafunguliwa, na seti ya kwanza yote inatoka nje ya mstari wa nyuma. Mzazi anadhani mtoto ameogopa. Hajaogopa. Hajawahi kuupiga mpira wa aina ile. Weka akiba ya makopo mawili, fungua moja siku kumi kabla ya safari, na mazoezi yote ya sevu na kurudisha sevu yafanyike na hiyo mipira mitatu tu.

Kupima mpira nyumbani ni rahisi. Weka alama ukutani urefu wa sentimita 254, angusha mpira bila kuusukuma kwenye sakafu ya saruji. Mpira wa kawaida unaokidhi sheria hudunda kati ya sentimita 135 na 147 katika vipimo vya usawa wa bahari, na Arusha ukiwa mpya utazidi kidogo. Usiofika 110 upeleke ukutani, usiuchanganye na ya kiwanjani. Mpira ukilowa mvua ya masika, manyoya hushika maji, unakuwa mzito, na bega la mtoto ndilo linalolipa. Uanikwe kivulini. Juani manyoya hukakamaa.

Nyuzi nazo hulegea zikiwa zimelala tu. Raketi iliyokaa juu ya kabati tangu Machi hadi Juni haina mvuto ule ule, hasa ikiwa imefungwa nyuzi za poliesta, ambazo hufa bila kukatika. Mtoto anaona mpira unaruka hovyo, anaanza kubana kiwiko ili auzuie. Maumivu ya kiwiko ya Julai huanzia hapo. Kwa aliye chini ya miaka 14 tunashauri nyuzi laini za nailoni, mvuto wa kilo 23 hadi 24, na kwa Arusha kuongeza kilo moja juu ya kile anachotumia mtu wa Dar es Salaam. Poliesta kwa mtoto wa umri huo ni kuiga tu mabingwa wa kwenye televisheni.

Tukija kwenye fedha, hapa ndipo kufungwa kule kulipotuumiza zaidi kutazama. Wimbledon ilikuwa na bima, ikagawa pauni milioni 10 kwa wachezaji 620 ambao wangeingia kwa viwango vyao: pauni 25,000 kwa wa droo kuu ya mmoja mmoja, 12,500 kwa wa mchujo. Mei ukatangazwa mfuko wa pamoja wa zaidi ya dola milioni 6. Ni jambo jema. Ila tazama ngazi ya chini. Kwenye mashindano ya ITF ya dola 15,000, ambayo ndiyo mlango wa kila binti anayetoka Afrika, hizo 15,000 ni za mashindano yote. Anayeshinda mmoja mmoja alikuwa akipata dola 2,352, na anayefungwa raundi ya kwanza dola 147. Kwa thamani ya wakati ule hiyo ni kama shilingi 340,000, kabla ya kodi, kabla ya basi, chumba cha wiki nzima na kufunga nyuzi.

Dominic Thiem wa Austria, mmoja wa wanaume bora wa wakati ule, aliposema haoni sababu ya kuwachangia wachezaji wa nafasi za chini, aliyemjibu kwa video alikuwa Mwafrika, Ines Ibbou wa Algeria, wakati huo nje ya 600 bora. Alieleza kwa utulivu maana ya kukua bila viwanja, bila mashindano karibu na nyumbani, na viza ya kuombwa kwa kila safari. Binti yeyote wa huku mwenye ndoto ya kulipwa aitazame video ile pamoja na wazazi wake.

Na milango ikifungwa, hufungwa kutoka chini. US Open ya 2020 ilichezwa bila mashabiki na bila mchujo, maana yake wale waliozoea kupigania nafasi kwa mechi tatu za awali hawakupewa hata nafasi ya kujaribu. Roland Garros iliuacha mchujo uchezwe. Nadia Podoroska wa Argentina, nafasi ya 131, akapita kwenye mchujo huo hadi nusu fainali. Mwezi mmoja tu kati ya mashindano hayo mawili. Kwa upande wetu, Kenya ilipofunga mpaka kwa abiria katikati ya Mei, mlango wa mashindano ya Nairobi ukafungwa kwa watoto wa Arusha kabla hata ya kujua ratiba.

Pironkova aliweza kurudi kwa sababu sheria ilikuwa imebadilishwa mwishoni mwa 2018: mchezaji aliyejifungua hulinda kiwango chake cha zamani na kukitumia kuingia kwenye mashindano 12 ndani ya miaka mitatu. Bila sheria hiyo huenda angeanzia kwenye zile dola 147. Tunaitaja kwa sababu akina mama wengi wa huku huona tenisi ya binti kama kitu cha kuisha akiolewa.

Kuna jingine la wasichana hasa. Kiwanja kikifungwa, mvulana hupata muda mwingi wa kucheza na msichana hupata muda mwingi wa kazi za nyumbani. Maji, vyombo, mdogo wake. Kumwambia mtoto "kafanye mazoezi" haisaidii, hana mamlaka juu ya saa zake. Mwenye mamlaka ni mama, na anayepaswa kuzungumza naye ni kocha, ana kwa ana: "Shikamoo mama. Tunaomba nusu saa yake kila siku isipokuwa Jumapili, saa kumi na moja hadi saa kumi na moja na nusu. Kazi zake zote atakuwa amemaliza." Nusu saa yenye mwanzo na mwisho hukubaliwa. "Muda kidogo jioni" hauonekani kamwe.

Kurudi ndiko kunakoumiza watu. Mwili usiopiga sevu kwa miezi mitatu unakumbuka mwendo lakini mishipa ya bega haijajiandaa, na binti mwenye hamu hupiga sevu 100 siku ya kwanza. Wiki ya kwanza tunaruhusu sevu 20 kwa kipindi, nusu ya nguvu, vipindi vitatu. Wiki ya pili 30. Wiki ya tatu 45, na hapo ndipo nguvu kamili huanza, kwa zile kumi za mwisho tu. Muda wa kiwanjani uanze nusu ya ule wa kabla ya kufungwa. Viatu vikaguliwe, kwa sababu mguu wa miaka 13 hukua ndani ya miezi mitatu na malengelenge ya siku ya kwanza huharibu wiki nzima. Misuli ya nyuma ya mguu chini ya goti ndiyo ya pili kulalamika baada ya bega. Kuruka kamba dakika 3 kila siku wakati wa kufungwa huipunguzia sana.

Tahadhari za corona zenyewe zilituachia jambo moja ambalo hatutaliacha. Palermo wachezaji walijiokotea taulo zao wenyewe, na badala ya kupeana mikono waligonganisha raketi. Ushauri kwa viwanja vya kawaida ulikuwa kila mchezaji aweke alama mipira yake, asishike ya mwenzake kwa mkono, aisukume kwa raketi au mguu. Ndoo ya kunawia imeshaondoka mlangoni, lakini alama tumezibakiza. Kila binti ana mipira minne yenye herufi yake kwa kalamu isiyofutika, anaihesabu kabla ya kuondoka, na mipira haipotei tena kwenye migomba nyuma ya uzio.

Na daftari. Kabla masika hayajaanza kila mmoja hupewa daftari la kurasa 40, na kila jioni huandika mambo matatu: mapigo mangapi ukutani, mipira mingapi kwenye kanga, dakika ngapi za kamba. Juni tukikutana tena, daftari hufunguliwa kabla ya begi la raketi. Lililojaa, mwenye nalo huanza na sevu 20. Lenye mapengo, huanza na 10, na wiki yake ya kwanza inakuwa mbili.